Kikohozi cha Radhia

Wiki moja kabla ya harusi yake, mwaka wa 1983, Radhia alifungiwa chumbani huko Barani na somo yake, Bi Mwanamina, akafunzwa mambo ya unyumba. Mafunzo yalikuwa mengi, lakini lililomkaa ni hili: "Mke wa heshima hasemi atakalo kitandani. Ukipendezwa, kohoa kidogo. Mume mwenye akili ataelewa."

Basi Radhia akakohoa.

Tabu ni kwamba Farjallah, mumewe, fundi cherehani, hakuambiwa na mtu. Kila mkewe alipokohoa, na alikohoa pale pale mambo yalipoanza kuwa matamu, yeye aliruka kama aliyeumwa na siafu, akafungua dirisha, akatoa nje chetezo cha udi, akaenda jikoni kuchemsha tangawizi.

Miezi minane. Radhia alikunywa tangawizi hadi jasho lake likanukia tangawizi. Katika sala alimwomba Mola ampe mumewe fahamu. Farjallah naye, kwenye msala wake, alimwomba Mola huyo huyo ampe mkewe mapafu.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana Radhia alikohoa mara tatu, maana siku hiyo alipendezwa kweli. Farjallah akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakimlengalenga.

"Jumatatu twende Kilifi ukapigwe picha ya kifua. Na kuanzia leo nitalala sebuleni. Mimi ndiye ninayekuumiza."

Radhia akaiona ndoa yake inahamia sebuleni kwa ajili ya adabu. Akajifunika leso usoni, akasema humo humo ndani ya leso:

"Si kifua, mume wangu."

"Koo?"

"Ni raha."

"Raha ndiyo ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, we! Nikikohoa nakwambia hapo hapo, endelea. Ndivyo alivyonifunza somo."

Farjallah akamgeukia. "Na ile siku ya Idi, ulipokohoa mpaka jirani akabisha hodi kukupa pole?"

"Ndiyo."

"Nami nikakupaka dawa ya mafua!"

"Mpaka machoni."

Wakacheka hadi kitanda kikalia. Kisha Farjallah akainamisha kichwa. "Ami yangu Seif aliniambia mwanamume hamuulizi mkewe. Akiuliza, amejionyesha hajui."

"Kwani unajua?"

"Sijui, wallahi."

"Basi uliza, bwana. Mungu ametuhalalishia, mdomo hakututia kufuli."

Farjallah akauliza kama anayempima mteja gauni. "Hapa pabane au palegezwe? Nishuke? Nipande kidogo?" Radhia akajibu kwa maneno, mwanzo kwa haya, halafu kama bibi mwenye nguo yake. Mwishowe akamziba mdomo kwa kiganja.

"Umeuliza vya kutosha. Sasa shona."

Alasiri hiyo Farjallah hakuwahi sala ya jamaa msikitini. Walikoga, wakasali nyumbani, yeye mbele na mkewe nyuma, na mara mbili ilibidi waanze upya, maana kicheko hubatilisha sala.