Chanjo Ni Chanjo

Asteria aliinama nje ya geti la plant ya kuchenjulia dhahabu, akamvuta mbwa mgongoni kwa miguu ya mbele, akamzungushia khanga na kukaza fundo kifuani. Mbwa wa miezi mitano si mwepesi. Miguu ya nyuma ilimning'inia kiunoni huku na huku, na pua yake yenye unyevunyevu ikawa inamtekenya shingoni. Vijana waliokuwa wakipakua viroba vya mawe ya dhahabu wakaacha kazi.

“Bhebhe! Mama Noela kajifungua!” mmoja akapiga kelele.

“Anafanana na nani?”

“Anafanana na wewe,” Asteria akamjibu, “ila huyu ana adabu.”

Wakacheka, naye akacheka kidogo, maana ukifanya kazi na wachimbaji usipocheka utalia. Kwao mbwa hulala nje, hula ugali wa pumba na dagaa wa Nkome walioharibika, na akifa hutupwa korongoni. Kumbeba mgongoni kama mtoto wa kuzaa ni jambo la kusimuliwa mpaka kilabuni. Asteria alilijua hilo vizuri, na bado hakumshusha.

Mbwa aliitwa Walimwengu. Alikuwa mali ya kampuni ya ulinzi, kama ilivyokuwa sare aliyoivaa Asteria, lakini aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa ni yeye. Ng'ambo ya barabara, kwenye karasha la kusagia mawe lililolindwa na kampuni ileile, ndugu yake wa tumbo moja aliyeitwa Bosi alikuwa amelala siku ya tatu. Alianza kwa kutapika, kisha akahara damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Mlinzi wake, Jilala, alimpa mkaa uliosagwa na maji ya chumvi, na kila alichopewa kilirudi.

Jana yake Asteria alikwenda Geita mjini kwenye duka la dawa za mifugo la Vasanti, ambaye wateja wote humwita Mama Pinky. Alipomweleza, Mama Pinky aliweka miwani mezani.

“Parvo hiyo, Mama Noela. Kirusi. Kinakaa kwenye mavi, kwenye matapishi, kinabaki kwenye udongo hata mwaka. Mbwa mdogo akikanyaga halafu akajilamba miguu, basi.”

“Dawa yake?”

“Dawa ni chanjo, kabla hajaugua. Mimi sina, inatoka Mwanza kwenye barafu. Nimeagiza, inafika Alhamisi. Mpaka hapo mtunze. Asikanyage walikokanyaga mbwa wengine.”

Leo ilikuwa Jumanne. Siku mbili tu. Asteria angeweza kumfungia bandani, akamwaga jiki ya kuua vijidudu mlangoni, akamzuia kila mtu. Lakini tangu Ijumaa pikipiki ya kata ilikuwa ikizunguka na spika: mbwa wote wafikishwe uwanja wa shule ya msingi siku ya Jumanne kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, asiye na kadi atahesabiwa mzururaji na atapigwa risasi. Na supavaiza Deusdedit alikuwa ameongeza lake: “Mbwa bila kadi, lindo hakuna.”

Asteria hakuwa na ugomvi na chanjo ya kichaa. Mwaka juzi ugonjwa huo ulimchukua mama muuza maandazi wa senta yao, naye alimwona akiogopa kikombe cha maji. Aliitaka kadi hiyo. Alichokuwa hakitaki ni uwanja.

Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Mbwa wa kuchungia ng'ombe waliofungwa kamba za katani, mbwa wa walinzi wenye minyororo, majibwa ya mitaani yaliyokamatwa na watoto, wote wananusana na kukojoleana kwenye udongo mwekundu uleule. Mgambo mwenye fimbo alikuwa akipanga foleni.

“Wewe mama, shusha mbwa. Hapa si kliniki ya watoto.”

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Nimesema shusha.”

“Ana kidonda mguuni, afande.”

Uongo huo ulimtoka bila kujikwaa. Mgambo akaguna, akaenda kumchapa mbwa mwingine.

Saa mbili zilipita. Mgongo ulianza kumuuma, kisha ukaacha kuuma ukawa kama si wake. Walimwengu alijitikisa, akalia, akasinzia, akaamka. Watu waliokuwa mbele na nyuma walimaliza vicheko vyao, wakamzoea. Ndipo lilipoingia toroli la Jilala.

Ndani yake, juu ya kiroba kitupu, alilala Bosi. Macho yalikuwa yamezama, na chini ya mkia kiroba kilikuwa kimelowa. Matone yaliifuata njia ya gurudumu kutoka getini hadi kwenye foleni, na mbwa wakaja kuyanusa mmoja baada ya mwingine.

“Jilala! Kwa nini umemleta?” Asteria alitaka kupiga kelele, sauti ikatoka ndogo.

“Mwangaluka, mayu,” Jilala akamsalimu kwa Kisukuma. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na macho yake yalikuwa mekundu. “Hii si sindano ya serikali? Nikasema labda itamfaa. Na Deus kasema bila kadi nisirudi.”

“Chanjo si dawa, baba. Haimponyi aliyekwisha kuugua.”

“Mimi ningejuaje?”

Hakuna aliyepita na spika kuyasema hayo. Asteria akatoka kwenye foleni, akaenda mkiani kabisa, mbali na ile njia ya matone, akaanza kungoja upya. Alikuwa na hasira na Jilala na alimwonea huruma, na vyote viwili havikumsaidia kitu.

Bwana mifugo, Sostenes, alimtazama Bosi mara moja. “Huyu mgonjwa. Simchomi.”

“Basi nipe kadi tu, bwana mifugo.”

“Kadi ya nini? Mtoe hapo.”

Jilala akasukuma toroli hadi nyuma ya vyoo vya shule. Haukupita muda akarudi na toroli tupu. Aliliegemea, akavua kofia, akaivaa tena.

Zamu ya Asteria ilifika jua likiwa limeshapita utosini. Mezani palikuwa na kasha la barafu, vichupa, mhuri, na daftari. Mbele ya meza palikuwa na kiduara cha udongo kilichokanyagwa na mbwa wote wa kata, na ukingoni mwake kulikuwa na alama ya gurudumu la toroli.

“Mweke hapo chini, umshike kichwa,” Sostenes akasema, akivuta dawa.

“Bwana mifugo, yule wa toroli alikuwa na parvo. Ugonjwa umeshaingia uwanja mzima. Ungekuja kutuchomea kule kule malindoni.”

Sostenes alishusha sindano. Alikuwa kijana bado, na shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni. “Mama, unafikiri sijui? Nimeandika barua, nikaandika tena. Nimepewa vichupa vya kichaa, siku moja na uwanja mmoja. Pikipiki ya ofisi haina mafuta tangu mwezi wa pili. Parvo haimo kwenye fomu yangu. Mshushe.”

“Simshushi.”

“Akiwa mgongoni simchomi. Akining'ata, nani atanichanja mimi?”

Nyuma yao watu wakaanza kupiga kelele. Asteria akalegeza fundo, akamzungusha mbwa kifuani, kisha akaketi pale pale kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake wa kwao kupukuchua karanga. Akamlaza Walimwengu mapajani, akamkumbatia kichwa.

“Haya, mchome. Kama ni chini, nimeshashuka mimi.”

Sostenes akamtazama, akatikisa kichwa, akachuchumaa. Sindano ikaingia. Mhuri ukagonga kadi. Asteria akambeba tena, akatoka uwanjani na sketi ya sare imejaa udongo, na furaha ikampanda mpaka kooni. Nje ya shule alinunua jiki dukani, akanawa miguu, akasuuza viatu na pindo lote la sketi. Zilibaki siku mbili, na miguu ya Walimwengu ilikuwa haijagusa kitu.

Deusdedit alimkuta getini, amekaa juu ya pikipiki.

“Kadi ipo?”

Asteria akampa. Deusdedit akaisoma mbele na nyuma, akatabasamu.

“Safi sana. Basi mpeleke karashani kwa Jilala. Yule wake kafa, na mawe ya mteja yanaingia jioni hii. Pale hapawezi kukaa bila mbwa.”

Asteria alidhani hakusikia vizuri. “Banda la Bosi?”

“Kuna lingine?”

“Supavaiza, Bosi kafa kwa parvo. Ugonjwa bado umo mle.”

“Si kachanjwa huyu? Kadi hii hapa.”

“Hiyo ni ya kichaa. Ya parvo inakuja Alhamisi. Nipe mpaka wiki ijayo, hata mimi nitalala kule karashani mwenyewe na rungu.”

“Mama Noela, chanjo ni chanjo. Mteja anataka mbwa mwenye kadi, mbwa mwenye kadi ninaye. Wewe utakaa hapa, tutakutafutia mwingine.” Akawasha pikipiki, kisha akaizima. “Au unakataa amri? Kama unakataa, vua sare, nimpeleke mwenyewe.”

Asteria aliona mambo yote mawili kwa pamoja. Akivua sare, mbwa anakwenda, tena kwa miguu yake, akiburutwa kwa mnyororo nyuma ya pikipiki. Asipoivua, yeye ndiye mpelekaji. Binti yake Noela alikuwa kidato cha pili huko Shinyanga, na ada yake ilitoka kwenye sare hiyo. Akakaza fundo la khanga, akavuka barabara.

Jilala alikuwa amekwisha kufagia banda. Sakafu ilikuwa ya udongo. Wakamimina jiki yote iliyobaki, ikazama papo hapo na kuacha doa jeupe lisilotosha hata kulaza paka. Sufuria ya Bosi ilikuwa imesuuzwa na kujazwa maji.

“Nimejitahidi, mayu,” Jilala akasema.

“Naona, baba.”

Kitabu cha makabidhiano kilikuwa juu ya pipa. Kila mlinzi anayepokea lindo au kuliacha huandika humo, na walinzi wote huandika neno moja, iwe usiku wa mvua au wa wizi: Hali shwari. Ukurasa mzima ulikuwa shwari, juu hadi chini. Asteria, mbwa akiwa bado mgongoni, akachukua kalamu na kuandika polepole, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la saba:

Nimekabidhi mbwa mmoja, miezi mitano, mzima. Banda ni la mwenzake aliyekufa leo kwa parvo. Huyu hajachanjwa parvo. Supavaiza ameelezwa, ameamuru.

Jilala akasoma kwa kusogeza midomo. “Mama Noela, andika shwari tu. Watatufukuza wote.”

“Wewe unaiona iko wapi, hiyo shwari?”

Mzee akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yale maneno, akiikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Asteria akafungua khanga. Walimwengu alisimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akajinyoosha, akajikung'uta, mkia ukaanza kucheza. Hakungoja kuvutwa. Aliingia bandani mwenyewe, akanusa udongo kona zote, akalamba makucha yake, kisha akaenda kwenye sufuria na kuanza kunywa.