Gari Lililobeba Daraja

Kwanza vikombe vilianza kugongana vyenyewe mezani. Kisha mbuzi akaivuta kamba yake hadi ikakaza, na ardhi ya uani ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nabwile alisimama mlangoni, blanketi begani na chupa ya uji mkononi, akasikiliza.

Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua vitu hivyo viwili tu. Kule chini, kando ya mto, ambulansi kutoka Kitale ilikuwa inasubiri maji yapungue tangu saa nne asubuhi. Ng'ambo ya mto, katika zahanati ndogo, mjukuu wake Wilkista alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amelala kimshazari tumboni. Muuguzi Chepkosgei alikuwa amesema kwa simu bila kuzungusha maneno: huyu ni wa kupasuliwa, na asipofika Kitale kabla ya jioni tutawapoteza wote wawili. Lakini daraja lilikuwa limechukuliwa na maji juzi, na barabara ya juu ilikuwa imefunikwa na udongo ulioporomoka.

Jirani yake Nyongesa alipita akikimbia, mguu mmoja una gambuti, mwingine mtupu.

"Mama Wanyonyi, jifungie! Serekali imeleta kifaru!"

"Kifaru cha nini?"

"Sasa mimi nitakiuliza? Jifungie bana!" Akaingia kwenye mahindi, mzee wa miaka sitini na mbili, akapotea.

Nabwile hakujifungia. Wilkista alikuwa anasubiri na njia ya kwenda mtoni ilipitia langoni. Alitoka, na hapo njia panda akakutana na gari lenyewe.

Lilikuwa kubwa kuliko jikoni lake. Halikuwa na magurudumu, lilitembea juu ya minyororo mipana ya chuma iliyokuwa ikitafuna murramu ya barabara. Mzinga haukuwepo. Mgongoni lilikuwa limebeba mabamba mawili marefu ya chuma, yamekunjwa moja juu ya jingine. Nyuma yake lilikuja jingine lenye ndoana na mkono wa kunyanyulia. Nabwile hakuyachunguza hayo. Aliona rangi tu, ile rangi ya majani makavu, na kofia za chuma.

Miaka kumi na sita iliyopita, wakati mlima ulipojaa watu wenye bunduki wa kila aina, waasi na askari waliowasaka, watu wa mteremko huu walijifunza jambo moja ambalo halikufundishwa kanisani wala shuleni. Mwenye bunduki akikuuliza njia, mwonyeshe nyingine. Haikujalisha ni nani. Mwisho wa kila njia kulikuwa na mtoto wa mtu.

Gari lilisimama. Hata katika hofu yake, Nabwile aliona kwamba dereva alilisimamisha mapema, akangoja vifaranga vimalize kuvuka. Askari mmoja akaruka chini, akavua kofia. Kwenye kifua chake paliandikwa Gichuki.

"Habari ya mchana, mama. Samahani kwa makelele. Tulikuwa tupate mtu wa chifu hapa atuonyeshe, na simu yake haiingii. Mtoni ni kulia ama kushoto?"

Mto ulikuwa kulia. Mkono wa Nabwile uliinuka kabla hajaufikiria, ukaelekea kushoto.

"Huko," alisema. "Mbele tu. Hamwezi kupotea."

"Asante sana, mama."

Gari likageuka papo hapo juu ya minyororo yake, likaenda. Njia ya kushoto iliishia kwenye mashimo ya matofali, ambako watu walikuwa wamechimba udongo miaka mingi, na sasa mvua ilikuwa imeyajaza na majani kuota juu yake.

Alishuka mtoni akitetemeka, lakini moyoni alikuwa na nafuu, kama mtu aliyefunga mlango kwa wakati. Dereva wa ambulansi, Bethwel, kijana wa kutoka pande za Suam, alimpokea chupa, akavua koti lake akamvika.

"Gogo, bibi yangu, unatetemeka. Keti kwa gari."

"Kuna jeshi huko juu."

Bethwel akaruka. "Wamefika? Wako wapi?"

"Unawataka wa nini?"

"Si ndio tunawangoja! Wameleta lile gari la daraja. Linabeba daraja mgongoni, likifika mtoni linalikunjua lenyewe, linalitandika kutoka huku mpaka kule. Dakika chache tu, gogo, gari linapita. Umeondoka tu nikapigiwa simu, limetoka Kitale asubuhi."

Nabwile aliketi. Mto ulikuwa unanguruma mbele yao, mwekundu, ukisukuma migomba mizima. Asubuhi ulikuwa umechukua punda wa watu, wenyewe wakitazama.

"Nilidhani ni kifaru," alisema polepole.

"Ni kifaru, lakini kilitolewa mzinga kikapewa daraja. Na lile la nyuma ni kama brekidauni ya vifaru. Mwenzake akizama, linamvuta."

Simu ya Bethwel ikalia. Nabwile alisikia sauti ya Chepkosgei, nyembamba, ikijitahidi kutulia. Mapigo ya mtoto yameanza kupungua, ilisema. Hilo daraja liko wapi?

"Linakuja, sista. Liko karibu kabisa."

Hakuna aliyemwona akiwaonyesha askari njia. Nabwile alilifikiria hilo, na hakuona haya kulifikiria kwa sababu hofu haina adabu. Nyongesa alikuwa mahindini. Angeweza kukaa hapo na koti la watu, askari wajitafutie njia wenyewe, na pengine wangeipata. Aliyewapoteza askari hufanywa nini? Zamani angejua jibu. Akilini alimwona Wilkista kitandani ng'ambo, mtoto aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akitazama mlango.

Alimrudishia Bethwel koti.

"Nakuja," alisema, akaanza kupanda kilima kupitia shambani, mbio za mwanamke wa miaka sabini na moja.

Aliwakuta kwenye mashimo ya matofali. Gari la daraja lilikuwa limezama upande mmoja hadi tumboni. Lile jingine lilikuwa limechomeka jembe lake pana ardhini lisiteleze, na waya mnene kama mkono wa mtu ulikuwa umekaza kati yao ukilia. Askari walikuwa wamejaa tope hadi usoni. Polepole sana, kwa sauti kama ya ng'ombe anayetolewa dimbwini, gari lilikuwa linarudi nyuma.

Nabwile alisimama mbali na waya. Gichuki akamwona, akamfuata haraka.

"Mama, hapo ni hatari. Waya ukikatika unakata mtu. Rudi nyuma."

"Ni mimi," Nabwile alisema.

"Najua ni wewe. Ulituambia mbele tu."

"Niliwadanganya. Mto uko kule. Niliona nguo zenu nikaogopa. Mjukuu wangu yuko ng'ambo. Anajifungua vibaya. Mnifanye mnachotaka, lakini kwanza mpelekeeni daraja."

Nabwile alitazama mikono ya Gichuki, akingoja ifanye chochote. Ilikuwa inajipangusa tope kwenye suruali.

"Umetupotezea saa moja na nusu, mama," Gichuki alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Nabwile kuliko angepaza. "Na njia tuliyokuja nayo tumeiharibu. Tukirudi hapo tunazama tena."

"Pitieni shamba langu. Hapo juu pagumu. Marehemu mume wangu alichimba kisima mara tatu akakuta mwamba tu."

Askari mmoja nyuma akacheka bila furaha. "Sajini, utamwamini tena? Huyu mathe atatupeleka ziwani sasa."

"Gari hili ni kilo elfu arobaini, mama," Gichuki alimwambia. "Ukikosea mara hii, hatutoki leo."

"Nitatangulia mimi. Mahali nisipokanyaga, msikanyage."

Basi akatangulia. Mahindi yalikuwa yanafika kifuani, mazuri, ya mvua ya kwanza. Aliyapasua kwa mikono, na nyuma yake lile dude likaja likiyalaza. Pumzi yake ya moto ya dizeli ilimpiga shingoni. Kila hatua alihisi kwamba mnyororo ungemshika pindo la gauni, na hakuthubutu kugeuka, maana alijua akigeuka atakimbia. Aliomba kwa Kibukusu, kwa sauti, akijua hakuna atakayemsikia kwa ule mngurumo. Alipita shimo la kwanza la kisima, la pili, la tatu. Mara moja aliteleza akapiga goti, na gari likasimama papo hapo, likamngoja ainuke.

Halikuzama.

Mtoni, Gichuki alipima ukingo kwa macho na kwa kamba, akaamuru watu wote warudi nyuma. Mgongo wa gari ukainuka. Yale mabamba mawili yakasimama wima, marefu kuliko mikaratusi, yakafunguka angani taratibu kama magoti ya panzi, kisha yakashuka yakinyooka juu ya maji mekundu. Nabwile aliziba mdomo. Ncha iligusa ukingo wa ng'ambo, udongo ukamomonyoka kidogo, mtu akapiga kelele, ncha ikainuliwa na kushushwa tena hatua moja mbele. Ikakaa.

Bethwel hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivuka, na aliporudi na Wilkista na muuguzi, Nabwile alipandishwa nyuma na mikono yenye tope, hakujua ya nani.

Wilkista alikuwa na rangi ya jivu. Chepkosgei alikuwa ameinama na sikio kwenye kifaa chake cha kusikilizia, mkono juu, watu wanyamaze.

"Mapigo yapo," alisema. "Hafifu, lakini yapo. Endesha."

Barabara ya Kitale ilikuwa na mashimo, na kila shimo Wilkista alifumba macho. Nabwile alimshika mkono. Karibu na mjini, Wilkista akamgeuzia bibi yake kichwa.

"Kukhu, mbona mlichelewa hivyo? Sista alisema walitoka mapema."

Chepkosgei alikuwa anatazama saa yake. Bethwel alikuwa anapiga honi. Hakuna ambaye angemjibia.

"Ni mimi," Nabwile alisema. "Waliniuliza njia. Niliwaogopa, nikawaonyesha ya uongo."

Wilkista akauvuta mkono wake polepole, akauweka juu ya tumbo. Nabwile hakuufuata. Alikaa na kiganja chake wazi magotini.

Uchungu ulikuja walipokuwa wanaingia lango la hospitali, mkali kuliko yote. Wilkista alitoa sauti ambayo Nabwile hakuwahi kuisikia kwake, na mkono ule ukamrudia, ukamkamata vidole, ukavikamua hadi mifupa ikalia. Hakuuachia hata mlango ulipofunguliwa. Wauguzi waliokuwa wakingoja na kitanda cha magurudumu walilazimika kukisukuma na Nabwile akikimbia kando yake, peku, kiatu kimoja kimebaki mahindini na kingine asijue wapi, hadi kwenye mlango wa theta ya upasuaji.