Nikitoka Damu Jumapili

"Inua kidogo, mama," Dallas alimwambia mkewe. Noelene akaikamata ngozi ya tumbo lake kwa mikono miwili, akaiinua.

Dallas alikuwa amepiga magoti kwenye vigae vya bafuni, mashine ya kukaushia nywele mkononi, ameiweka kwenye hewa baridi. Alipuliza kushoto, kisha kulia, kisha katikati, ambako fangasi walikuwa wameacha wekundu mbichi. Halafu krimu. Halafu kipande cha shuka kuukuu alichokikata mwenyewe, akakilaza ndani ya mkunjo ili kinyonye jasho. Townsville, kaskazini mwa Australia, mwezi wa Februari wa kiangazi, jasho linaamka kabla ya watu.

"Inauma?"

"Jana ndiyo iliuma. Leo inawasha tu."

"Muongo wewe."

Miaka mitatu nyuma Noelene alikuwa na kilo mia na hamsini. Alipunguza sitini kwa kutembea na kujinyima. Wenzake wa moteli anakosafisha vyumba walimpongeza kwa keki, wakacheka wote. Hakuna aliyemwambia kwamba mafuta yakiondoka, ngozi inabaki. Ilimning'inia hadi mapajani. Ilimvuta mgongo kila alipoinama kutandika kitanda, ikachubuka, ikatoa harufu, hata akazoea kula peke yake kwenye stoo ya mashuka. Hospitali ya serikali ilimjibu kwa barua ya mistari minne: upasuaji anaouomba ni wa urembo, nao hawaufanyi.

"Urembo," Dallas alisema siku ile, akaisoma tena barua akiwa amesimama. "Waje wao wapige magoti hapa."

Ndiyo maana saa nne asubuhi walikuwa wamekaa kwenye kliniki moja ya urembo, ghorofani juu ya duka la viatu. Ukutani kulikuwa na picha za matumbo, kabla na baada. Mshauri wa wagonjwa, binti aitwaye Tahnee, alimkaribisha Noelene kwa maji baridi yenye kipande cha limau. Alimwangalia usoni, si tumboni. Kwa hilo tu Noelene alikuwa tayari kutia saini chochote.

"Imebaki nafasi moja ya mwezi ujao," Tahnee alisema. "Jaza fomu hii mama, tukushikie."

Noelene akajaza. Jina. Umri, hamsini na saba. Dawa anazotumia. Kisha: *Umewahi kupata tatizo la damu kuganda mwilini?* Kalamu ikasimama.

"Niliwahi," alisema. "Nilipojifungua binti yangu Kirra. Mguu ulivimba kama gogo."

"Kirra ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Ya zamani mno hiyo." Tahnee akashusha sauti. "Ukiiandika, faili linarudishwa, na nafasi anapewa mwingine. Mimi sijasema kitu, lakini..."

Noelene akaruka mstari ule. Akahisi macho ya Dallas kwenye mkono wake.

"Huyo daktari ni bingwa wa upasuaji?" Dallas akauliza.

"Ni daktari wa upasuaji wa urembo, ana uzoefu mkubwa."

"Sijauliza uzoefu, binti. Nauliza alisomea ubingwa, au ni daktari aliyejinunulia kisu?"

"Dallas!" Noelene akamfinya goti. "Usiniaibishe."

"Na dawa ya usingizi, nani anampa?"

"Daktari mwenyewe, akisaidiwa na nesi."

"Kwa hiyo anakata, huku anaangalia kama mke wangu anapumua."

Tahnee akazungusha pete kidoleni. Alieleza kwamba daktari anakaa Gold Coast, mji wa mbali kusini, huja kwa ndege Alhamisi, hufanya kazi zake, na Ijumaa jioni anarudi kwao. Alisema kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Hapo Noelene akaacha kumfinya mumewe.

"Nikitoka damu Jumapili?" akauliza.

"Unatupigia. Kuna namba ya dharura."

"Simu inashona?"

"Ikizidi, basi unakwenda hospitali ya serikali, mapokezi ya dharura. Lazima watakupokea."

Noelene akacheka, kicheko kifupi kilichomuuma tumbo. "Yaani kunikata vizuri hawataki. Ila nikikatwa vibaya, karibu."

Akaivuta fomu, akaandika kwenye ule mstari kwa herufi kubwa: MGUU WA KUSHOTO, NILIPOMZAA KIRRA. Akamkabidhi Tahnee.

Tahnee alisoma, akaufunga mlango polepole.

"Mama, sikiliza. Daktari wako wa kawaida apige picha ya wekundu wa kwenye mkunjo kila mara. Aandike tarehe, na dawa zilizoshindwa. Asiandike tumbo. Aandike maambukizi ya ngozi yasiyopona. Hapo sasa hospitali ya serikali ibishane na ugonjwa, si na urembo." Akashika kitasa cha mlango. "Usiseme umeambiwa hapa."

Ndani ya gari, nafasi ya mwezi ujao ikiwa imempotea, Noelene alilia kwa hasira, kioo kikapata ukungu.

"Umefurahi? Wewe unataka nibaki hivi hivi."

"Nataka ubaki," Dallas alisema. "Hivi au vile utakavyo. Lakini ubaki."

Akatoka kununua pai mbili za nyama. Aliporudi alimkuta mkewe ameweka simu kwenye dashibodi, sauti juu, amepiga hospitali kitengo cha malalamiko. Mashine ilikuwa ikisema kwamba yeye ni wa thelathini na nne kwenye foleni.

"Zamu ya moteli inaanza saa sita," Dallas alimkumbusha.

"Watatandika wenyewe leo."

Dallas akafungua madirisha yote manne, akaanza kumpepea kwa mfuko wa pai. Muziki ukapigwa, ukakatika, ukaanza upya. Wakafika wa thelathini na moja. Pai ya Noelene ikaisha, akala na nusu ya mumewe. Kisha mashine ikasema kwa upole kwamba leo foleni ni ndefu kuliko kawaida. Anayetaka kukata simu na kujaribu siku nyingine anaweza kufanya hivyo sasa, na anayetaka kuendelea kusubiri abonyeze moja.

Noelene akajifuta mafuta kidoleni, akabonyeza moja.