Tabasamu Linalochoka Saa Nne

Mimi na mke wangu Gaudiose tulikulia mtaa mmoja wa Buyenzi, kwa Waswahili wa Bujumbura, ndiyo maana mpaka leo hapa Kigali tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Mimi ni fundi umeme wa magari Gikondo. Yeye anafundisha shule ya chekechea, mwendo wa dakika tano kutoka gereji. Nilimpendea kicheko chake. Mimi ni mtu wa mizaha, na mtu wa mizaha akimpata mwanamke anayecheka mpaka anashika ukuta, hamwachi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaacha kucheka.

Jioni narudi na kituko cha gereji, nakisimulia kwa mikono na miguu, yeye ananitazama mdomo umepinda juu, meno yanaonekana kidogo, kama aliyenusa maziwa yaliyoharibika.

"Hakijakufurahisha?"

"Nimecheka, Baba Ishimwe."

"Hujacheka."

"Nimecheka sana!"

Binti yetu Ishimwe, wa miaka tisa, akaingilia: "Mama, siku hizi unacheka kama umekasirika."

Niliumia, sitaficha. Kwa wiki mbili nikala kimya, nikijiuliza nimemkosea nini, au kama kuna mwingine anayemchekesha. Sikumwuliza. Mwanamume akiwa na wivu anakuwa mjinga kimyakimya.

Shuleni nako mambo yakaharibika. Mwalimu mkuu, Madamu Cécile, akamwita ofisini. Wazazi watatu wamelalamika kwamba mwalimu anawakunjia watoto uso. "Kinachonishangaza," alisema Madamu Cécile, "asubuhi wanakukimbilia. Ikifika saa nne wanasema umenuna."

Gaudiose alirudi nyumbani akalia, na hata kulia kwenyewe uso haukusogea. Machozi tu yalikuwa yanashuka. Kituo cha afya wakampa vitamini. Dada yangu Annick akashauri tumpeleke Ndera, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, labda ni mawazo.

"Nitakwenda Ndera siku kichwa kitakaponisumbua, wifi," Gaudiose akamjibu. "Kinachonisumbua ni uso."

Basi shule ikataka picha mpya za vitambulisho vya walimu. Jumamosi asubuhi, baada ya kulala vizuri usiku, nikamsindikiza studio ya kijana mmoja anaitwa Shyaka, aliyekulia Kampala.

"Tabasamu kidogo, mama," Shyaka akasema.

"Nimetabasamu."

Akapiga. Akatazama kamera, akamtazama yeye. "Tena, mama." Alikuwa mvumilivu yule kijana, alipiga picha nane mfululizo. Kisha akaniita kwenye kompyuta.

"Mzee, njoo uone hii kitu."

Picha ya kwanza, tabasamu lipo, dogo lakini lake. Ya nne, pembe za mdomo zimekataa kupanda. Ya nane, mdomo wa juu umeinuka katikati peke yake, na kope ya jicho la kushoto imeshuka nusu. Kati ya ya kwanza na ya mwisho hazikupita dakika tatu.

"Huyu mama hajanuna," Shyaka akasema. "Anachoka."

Nilisimama pale nikaona aibu. Gari likiletwa kwangu taa zinawaka vizuri halafu zinafifia taratibu, silaumu taa. Nafuata waya. Mke wangu nilimlaumu moja kwa moja.

Njiani nikamwambia, "Nisamehe, Mama Ishimwe."

"Kwa lipi?"

"Nilidhani umenichoka mimi."

Akanishika mkono. "Yamechoka mashavu tu."

Jumatatu tulirudi kituo cha afya na zile picha nane kwenye simu. Muuguzi alipozipitisha moja baada ya nyingine, hakuuliza mengi. Akatuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mtaa wa Kiyovu.

Daktari Gahongayire alikuwa mwanamke mfupi, amesomea Mwanza, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Alimwuliza Gaudiose kama anaona vitu viwiliviwili, kama chakula kinamkwama, kama anaishiwa pumzi. Viwiliviwili, ndiyo, jioni. Nyama, hawezi tena kuitafuna mpaka mwisho. Pumzi iko sawa.

"Tazama kalamu hii juu, usishushe macho."

Gaudiose akatazama. Nilihesabu moyoni. Kabla dakika haijaisha, kope zake zikaanza kushuka kama mtu anayesinzia, ya kushoto ikafunika mboni nusu.

Daktari akaingiza barafu kwenye glavu, akaiweka kwa dakika mbili juu ya jicho lile lililofumba. Alipoitoa, jicho likafunguka pana! Nikainuka kwenye kiti bila kujijua.

"Umeona, baba?" Daktari akatabasamu. "Msuli ukipoa, ujumbe unapita vizuri zaidi. Hili si jambo la akili wala la hasira. Ninashuku ugonjwa unaoitwa miastenia gravis. Kinga ya mwili, inayopaswa kumlinda, imekosea, inashambulia pale neva inapokabidhi amri kwa msuli."

"Yaani betri ni nzima, taa ni nzima, kasoro iko pale waya unapoungana?"

"Karibu kabisa."

Wakampima kwa umeme mdogo, mapigo ya haraka kwenye neva ya uso. Kwenye skrini mistari ilianza mirefu, ikafupika. Nimeangalia umeme miaka ishirini, sijawahi kuona mistari iliyonifurahisha vile: uso wa mke wangu ulikuwa unajitetea wenyewe. Damu ilipelekwa maabara ya nje, na wiki tatu baadaye majibu yakathibitisha. Picha ya kifua ilionyesha hakuna uvimbe kwenye ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayohusika na ugonjwa huu.

"Hauishi kwa wiki moja," Daktari alisema. "Kuna vidonge vya kila siku, kuna vya kutuliza kinga, huenda siku moja tukazungumzia upasuaji. Dawa yoyote utakayoandikiwa kwingine, sema kwanza una ugonjwa huu. Pumzi ikibana au mate yakikataa kumezeka, usingoje kesho. Lakini utafundisha, mama."

Gaudiose alifunga macho. "Kumbe ugonjwa huu una jina," akasema. "Miezi minne nimekuwa mtu mbaya, kumbe una jina."

Madamu Cécile alihamishia nyimbo na hadithi asubuhi, na saa nne Gaudiose anapumzika robo saa. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama mwenyewe akaeleza: "Mkiniona nimekunja uso, niulizeni kama nimechoka." Mama mmoja kati ya wale waliolalamika alimfuata mlangoni, akamshika mikono yote miwili.

Mkutano ulipokwisha nilimpitia, tukashuka kwa miguu kuelekea nyumbani. Alikuwa amemeza kidonge chake kama nusu saa hivi iliyopita. Kwenye kona palikuwa na mwanamke anachoma mahindi, Gaudiose akachagua hindi kubwa kuliko yote. Nikaanza kumsimulia habari za mteja mmoja na gari lake lililopiga honi lenyewe kanisani.

"Subiri kwanza," akasema, mdomo umejaa. "Nakula."

Nikasubiri. Alitafuna punje zote, taratibu, mpaka gunzi likabaki jeupe.