Shikamoo ya Kitanda cha Sita

Mfukoni mwa koti la Dokta Paskalia kulikuwa na fomu iliyomnyima usingizi wiki nzima. Ilikuwa ya kwenda kusomea ubingwa wa tiba ya wazee. Mwisho wa kuituma ulikuwa Ijumaa hii, saa kumi jioni, na ilibaki sahihi moja tu, ya mkuu wa wodi, Dokta Leonard.

"Wazee!" Leonard alicheka alipoonyeshwa asubuhi. "Wazee hawana ugonjwa, dada, wana umri. Kasomee watoto, kasomee moyo, ufungue na kliniki yako hapo mjini. Haya, tumalize raundi kwanza, nitakusainia."

Paskalia alimeza mate machungu. Mtu huyu alimchefua, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama. Akamfuata kitanda kwa kitanda, pamoja na wanafunzi wanne.

Kwenye kitanda cha sita alikuwa amelazwa Bibi Veronika, mkulima wa kabichi kutoka milimani Mgeta, siku ya tatu sasa. Harufu ya mkojo ilikupokea kabla hujamfikia. Shuka halikubadilishwa tangu alipolazwa. Leonard hakumtazama hata usoni. Aliweka miwani yake sawa, akasoma faili kwa sauti: "Uzee. Hajibu maswali. Amechanganyikiwa. Ndugu waje wamchukue." Kisha akapayuka kama anayeswaga ng'ombe: "Bibi! Leo siku gani? Bibi!"

Bibi akageukia ukutani.

"Mnaona?" Leonard akawaambia wanafunzi.

Paskalia aliona jingine. Huko milimani alikozaliwa mama yake, ukimhoji mkubwa kabla ya kumwamkia hakujibu ng'o. Anangoja adabu ikurudie. Siku tatu mama wa watu anangoja shikamoo, nao wanaandika kwamba amerukwa na akili! Alijua vizuri kalamu imo mkononi mwa nani. Hata hivyo alichuchumaa kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akageuka taratibu. "Marahaba, mwanangu. Leo Ijumaa. Mguu huu unaniua. Niliteleza shambani, tangu hapo haunyanyuki."

Paskalia akafunua shuka. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na wayo umepindukia nje. Nyonga ilikuwa imevunjika, na kwa siku tatu hakuna aliyejisumbua kufunua.

"Dokta, huyu hajachanganyikiwa," alisema mbele ya wote. "Hatukumwamkia tu. Anahitaji dawa ya maumivu na picha ya nyonga, sasa hivi."

Leonard akachomoa kalamu, akafuta "amechanganyikiwa", akaandika juu yake "mkaidi". Kisha akairudisha mfukoni.

"Fomu yako nitaiangalia Jumatatu," akasema, akaenda kitanda cha saba.

Jumatatu! Safari hii Paskalia hakuyameza yale mate machungu, aliyatema kwenye sinki. Akampa bibi dawa, akakishika kitanda mwenyewe, akaanza kukisukuma kwenda chumba cha eksirei.

"Mwanangu," bibi akamnong'oneza njiani, "yule baba mwenye miwani, mbona haamkii watu? Amechanganyikiwa?"

"Hapana, bibi. Yule ni mzima kabisa."