Talaka ya Chuo

Usiku wa jana niliota chuo kimekuja chumbani kwangu kudai talaka yake.

Kiliingia bila hodi, kimefunga maktaba na bwalo ndani ya khanga, kikaketi kitandani. Nikasogea ukutani kukipisha.

"Bwana Shemdoe," kinasema, "nasikia unaniacha."

Kweli, fomu ya kuacha chuo ilikuwa mezani tangu Jumatatu, nimejaza kila kitu isipokuwa sahihi, na mwisho wa kuirudisha ni leo. Nataka kufungua biashara ya ushonaji. Cherehani nimeshanunua, iko kwenye boksi pale kona.

"Anayeacha hutaja idadi," chuo kinaendelea. "Ukitoa moja, nitakaa eda, na kabla haijaisha unaweza kunirejea. Ukitoa tatu, basi tena. Ngapi?"

"Sijui."

"Miaka miwili tumeishi wote. Nimekukosea nini?"

Nikawa natafuta jibu, kumbe tuko mbele ya kadhi. Kadhi ni jagi la maji la bwaloni. Meza zote tupu.

"Mashahidi wako wawili wako wapi?" jagi linauliza.

"Sina, shehe."

"Hata mmoja?"

"Tangu Hatibu, mwenzangu wa chumba, ahame, hakuna aliyenigongea mlango. Huu mwezi wa pili." Sikuwahi kumwambia mtu.

Cherehani ikakohoa ndani ya boksi lake. "Kumbe ndiyo sababu umenioa? Mimi najua kushona tu, kaka. Utabaki peke yako vilevile, ila na kelele. Na fundi gani huna hata mkasi?"

Chuo kikafuta machozi kwa pembe ya khanga. Nilikionea huruma, nikajionea na mimi.

"Shauri lifungwe," jagi likaamuru, "mpaka apate watu."

Cherehani ikatii. Ta-ta-ta-ta.

Nimeamka asubuhi, kitanda kimebonyea upande nisiolalia. Fomu iko mezani, imekunjwa na kushonwa pande zote kwa uzi mweusi. Boksi la cherehani bado lina gundi yake ya dukani. Uzi sijawahi kununua.

Ili nitie sahihi, au nisitie, lazima kwanza niifumue. Mkasi sina. Nikatoka, nikasimama mbele ya mlango wa jirani ambaye hata jina lake silijui.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," ikajibu sauti ya mtu anayetafuna. "Pita, ndugu yangu, chai ndiyo kwanza imeiva."