Mahali Damaris Hakufagia

Nyayo za ng'ombe za Makori zilizoibwa usiku zilitoka upande wa Migori, zikakata mashamba ya watu, zikaingia boma ya Nchagwa kama wageni wameitwa harusi. Hapo zikaisha.

"Nchagwa," Makori alisema akiwa bado nje ya geti, mkuki begani. "Nyayo zimeingia kwako. Tuonyeshe mahali zimetokea."

Pande hizo, hiyo sheria hata mtoto anaijua. Nyayo zikiingia kwako na ushindwe kuonyesha mahali zimetokea zikaendelea, mwizi ni wewe. Na vijana nyuma ya Makori walikuwa wamebeba mishale na jerikeni ya mafuta ya taa. Hakuna mtu hubeba mafuta ya taa asubuhi ndio aone njia.

Shida ni Damaris, bibi ya Nchagwa. Alikuwa ameamka mapema akafagia, na yeye akifagia anafagia. Uwanja ulikuwa laini kama kichwa ya mtu ametoka kinyozi.

"Mmefagia mkificha!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Kwenu hamfagii?" Damaris akamjibu. "Ndio maana."

Mtu akacheka, akajuta haraka.

Konstebo Orina alikuwa ameletwa kutoka Homa Bay na mbwa ya polisi. Mbwa alifuata harufu vizuri njia yote. Lakini jana Pauline, dada ya Damaris, alikuja kutoka Sori na gunia ya omena, dagaa za ziwa, na sasa omena ilikuwa imeanikwa kando ya jikoni. Mbwa akasimama. Akafikiria kazi, akafikiria omena. Kazi ikashindwa.

"Huyu amesomea," Orina akasema akivuta kamba, jasho ikimtoka.

"Amesomea hoteli," Makori akasema, lakini uso wake ulikuwa jiwe. "Nchagwa, tunangoja."

"Nyuma ya ghala sijafagia," Damaris akasema ghafla. "Pauline ameondoka alfajiri na hiyo njia. Kwetu hatufagii nyayo za mgeni kabla hajafika kwake. Ni kama kumfukuza."

Nchagwa akakimbia, akafika wa kwanza. Nyayo za Pauline, ndogo, za miguu mitupu, zilikuwa zimekanyaga juu ya kwato. Kumbe ng'ombe zilitoka kabla yake, zikashuka mtoni. Amepona! Halafu akaona kitu kingine.

Kando ya kwato kulikuwa na alama ya akala, viatu za kukatwa kwa tairi. Ya kushoto ilikuwa na meno makubwa ya tairi ya trekta, ya kulia mistari midogo ya tairi ya gari ndogo. Hapo hakuhitaji mbwa. Hizo akala alizikata mwenyewe. Tairi ya trekta haikutosha miguu yote miwili, akamalizia na ile ingine, akampa Matiko, ndugu yake mdogo. Watu walimcheka Matiko mpaka wakachoka.

Nyuma, sauti za watu zilikuwa zinakaribia. Kwato peke yake zilitosha kuokoa nyumba yake. Alama ya akala ilikuwa ya kufuta na kisigino tu. Lakini kwato zilielekea mtoni, na ng'ambo kuna boma ya Boke, mjane; ile jerikeni ingevuka ikamchomee bure.

Damaris alikuwa anamwangalia.

Nchagwa akainua mguu. Akauweka chini polepole, kando ya hiyo alama, vile mtu hukanyaga karibu na mtoto amelala.

"Mzee Makori, njoo uone."

Makori akainama. "Trekta na gari ndogo? Hii viatu ni ya nani?"

"Ya Matiko. Tumbo moja na mimi."

Vijana wakachomoka. Nchagwa akawafungia njia, mikono wazi.

"Hapana! Mimi ndio natangulia. Mshale ikirushwa, ipite kwangu kwanza. Konstebo, achana na hiyo omena, lete pingu."

Akashuka mbele yao akifuata ukingo wa mto, akiita jina ya ndugu yake kwa nguvu, asije akatoka ameshika panga. Kwa Matiko mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, ng'ombe akalia.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Nchagwa, uko na nani?"

"Na watu wote," Nchagwa akasema. "Toka tu. Mimi niko mbele."